MASUALA YA NYUMBANI: Jiko la Gesi Livutalo Moshi Chini



Katika barua zilizotufikia mwezi huu imo moja itokayo Tanga, ya bibi mmoja mwenye nyumba na watoto, nasi tumeona ni vyema tuipe ukurasa mzima, kwa sababu jambo aliloliuliza laingia sasa katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani, na wengi hulipokea kama wapokeavyo meza au kiti.

Atueleza kwamba ndugu yake aishiye Kanada amempelekea zawadi ndani ya kontena: jiko la gesi la kupachikwa katika meza ya saruji, lenye vichomeo vinne, na katikati ya vichomeo hivyo mna wavu mrefu wa chuma. Chini ya wavu imo feni. Ukiiwasha, moshi na mvuke huvutwa kwenda chini badala ya kuachwa upande juu darini. Mumewe amekwisha kujenga chumba kipya cha kupikia, na meza yenyewe imesimama mbali kidogo na ukuta wa nje. Fundi aliyeitwa amewaambia kazi ni ya nusu siku tu: mtungi utakaa ndani ya kabati lililo chini ya jiko, na feni itapumulia humo humo kabatini, hapana haja ya kutoboa ukuta mpya. Mama mkwe wake hataki kusikia habari ya gesi kabisa. Asema mkaa haujapata kumlipukia mtu. Mtoto wake wa pili ana maradhi ya pumu. Mwezi wa Ramadhani umekaribia, naye ataka kujua amsikilize nani.

Jibu letu ni kwamba maneno ya fundi yasikubaliwe hata moja, na ya mama mkwe yasidharauliwe, kwa maana hofu yake ina msingi, ingawa mkaa anaousifu nao una madhara yake. Mkaa ukiwashwa katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini bila ya kishindo. Na kwa habari ya moshi, Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka wa 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani, utokao katika kuni, mkaa, mafuta ya taa na mfano wake. Ndiyo sababu serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, yenye kusudio la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Basi kuhama kutoka mkaani ni jambo jema, na kwa mtoto mwenye pumu ni jambo la haraka. Lakini aliyehama kutoka kwenye mkaa akaingia katika gesi iliyofungwa vibaya, huyo hatuwezi kusema amepata nafuu.

Yataka kwanza ijulikane gesi hii ni kitu gani. Iliyomo mtungini ni propani na butani zilizoshindiliwa hata zikawa maji. Maji hayo yakitoka na kugeuka hewa, lita moja huenea ikawa kiasi cha lita 250. Na hewa yake ni nzito kuliko hii tuivutayo puani: ya propani ni nzito mara moja na nusu, ya butani karibu mara mbili. Kwa hiyo ikivuja haipandi ikatokea madirishani. Hushuka, hutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, huingia kabatini, mtaroni, chini ya kitanda cha chumba cha pili, ikatulia huko. Wala si lazima iwe nyingi. Ikifika sehemu 2 hivi katika 100 za hewa ya mahali hapo, cheche moja yatosha.

Moshi wa chakula una tabia iliyo kinyume. Joto huusukuma juu, na ndiyo maana wazee wetu waliacha matundu karibu na dari na kujenga dohani, na ndiyo maana feni nyingi za jikoni hutundikwa juu ya jiko. Louis Jenn, Mmarekani wa mji wa Indianapolis, ndiye aliyelijulisha sana katika miaka ya 1960 jiko lenye feni ivutayo chini, ili mtu aweze kuliweka jiko katikati ya chumba pasipo na dohani juu yake. Ni fikra ya werevu, lakini ni kazi ya kushindana na tabia ya moshi, na feni yapaswa kuwa na nguvu ya kuushinda. Angalia basi: katika jiko hili chini ya ubao mmoja yamekutanishwa mambo mawili. Moshi unavutwa kwa nguvu kule usikotaka kwenda, na gesi, ikivuja, itakwenda huko huko kwa hiari yake. Fundi asiyetofautisha mambo haya mawili ataona kabati lile ni mahali pazuri pa kuweka kila kitu.

Tuseme habari ya pumzi ya feni kwanza. Feni ikipumulia kabatini, mvuke, mafuta na moshi haukuondoka nyumbani. Umehamishwa kutoka usoni pa mpishi ukapelekwa magotini pake. Mbao za kabati zitaoza kwa unyevu, mafuta yatagandamana juu ya nyaya za umeme na juu ya mpira wa gesi, na baada ya mwezi mmoja au miwili wa kukaanga samaki mtakuwa mmejitengenezea utambi. Tena moto wa gesi wenyewe, hata ukiwaka vizuri, hutoa hewa iitwayo nitrojeni dayoksaidi, iwashayo mapafu. Kwa mwenye pumu ni adui. Wauzaji wengine husema kwamba makaa maalumu yanayotiwa katika chujio husafisha hewa hata isihitajiwe dohani. Makaa hayo hupunguza harufu. Kaboni monoksaidi hayaizuii. Kwa jiko la gesi, katika nyumba yenye mtoto wa namna hiyo, hapana njia ila hewa itolewe nje ya nyumba.

Kwa hiyo ukuta utobolewe. Bomba liwe la bati gumu, laini kwa ndani, lenye upana ule ule ulioandikwa katika kitabu cha jiko. Aghalabu ni inchi 6, yaani kama sentimita 15. Lisipunguzwe katikati kwa sababu fundi amepata bomba jembamba dukani kwa bei nafuu. Yale mabomba ya kukunjika kama kinanda yasitumike, maana mikunjo yake huzuia hewa na hukusanya mafuta. Kila kona huitesa feni kama kwamba bomba limerefushwa kwa futi kadhaa, na kitabu hueleza urefu na hesabu ya kona zisizopitwa. Kwa nyumba ya bibi huyu, iliyo na meza karibu na ukuta wa nje, njia fupi ni kushuka ndani ya kabati, kukata kona moja, na kutoka moja kwa moja. Nje pawekwe kifuniko cha bati kinachofunguka kwa pumzi ya feni na kujifunga feni izimwapo, ili mvua ya kusi, panya na popo wasiingie. Tena itazamwe pumzi hiyo yampiga nani. Kama upande ule ni dirisha la jirani, mtafutie bomba upande mwingine, hata kama gharama itaongezeka. Hatudhani kwamba mtu wa Tanga ahitaji kuelezwa haki ya jirani.

Hewa itolewayo lazima nyingine iingie mahali pake. Sheria za ujenzi zifuatwazo katika sehemu nyingi za Marekani huamuru kwamba feni ya jikoni ipitishayo futi za ujazo 400 kwa dakika, ambazo ni kama mita za ujazo 11, iwekewe njia maalumu ya hewa mpya. Nyumba zetu za pwani zenye madirisha wazi na matundu ukutani hazina shida hiyo. Wenye shida ni ndugu zetu wakaao Ughaibuni, na hata wa Maskati na Dubai, wafungao kila dirisha kwa ajili ya baridi ya nje au ubaridi wa mashine. Kwao feni kubwa yaweza kuvuta hewa kinyumenyume kutoka katika dohani ya mashine ya gesi ichemshayo maji, na sumu ikarudi ndani. Nao wakitusoma, wafungue dirisha moja kidogo kila wapikapo.

Sasa mtungi. Mtungi usiwekwe kabatini pamoja na feni. Feni ni mota ya umeme, na mota na swichi hutoa cheche. Nayo gesi, kama tulivyosema, hukusanyika chini. Mahali pa mtungi ni nje ya nyumba, uani, umesimama wima juu ya sakafu ngumu, katika kibanda chenye paa na matundu chini na juu, kilichofungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake wajulikana ulipo. Usilazwe kamwe, hata gesi ikikaribia kwisha; ukilazwa hutoa maji yake badala ya hewa, na moto wa jikoni huruka. Waingereza katika mwongozo wao huutenga mtungi mita 1 na mlango au dirisha, na mita 2 na mtaro usio na kizuizi cha maji au na mlango wa chumba kilicho chini ya ardhi. Vipimo hivyo vyafaa kufuatwa hata Tanga. Na tundu lile la pumzi ya feni nalo liwe mbali na kibanda cha mtungi.

Kutoka mtungini mpaka ndani ya nyumba gesi ipite katika bomba la shaba au la chuma, lililofungwa ukutani mahali panapoonekana. Lisizikwe chini ya sakafu wala lisipitishwe ndani ya bomba la moshi. Mpira uwe mfupi, wa aina ya gesi, wenye tarehe iliyopigwa chapa juu yake, nao ubadilishwe tarehe hiyo ipitapo hata kama waonekana mzima. Usiguse bomba la moshi, kwa sababu hilo hupata moto. Na iwekwe koki ya kufungia gesi mahali ambapo mpishi aweza kuifikia bila ya kuunyoosha mkono juu ya moto. Kabati la pembeni ndilo mahali pake. Hapo kabatini patobolewe matundu chini kabisa, sawa na sakafu, ili ikivuja kidogo isitulie humo.

Tumefika penye jambo ambalo, kwa rai yetu, ndilo la hatari kuliko yote katika barua hii, nalo halikuulizwa. Jiko hili limetoka Kanada. Huko nyumba nyingi za mijini hupata gesi asilia kwa mabomba, yaani methani, kama ile ya Songo Songo na Mnazi Bay ambayo imefikishwa katika baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara. Methani ni nyepesi kuliko hewa, na joto lake kwa ujazo ni pungufu kuliko la gesi ya mtungi, ambayo huishinda mara mbili na nusu hata mara tatu. Kwa hiyo katika kila kichomeo mna kipande kidogo cha shaba chenye kitundu, mafundi hukiita nozeli, na kitundu cha methani ni kikubwa. Ukilifunga jiko la methani katika mtungi, gesi itamiminika kuliko kiasi. Moto utapanda mrefu, wa manjano, wenye masizi, na kaboni monoksaidi itazidi. Mpishi atadhani jiko lina nguvu na atamshukuru ndugu yake.

Majiko mengi ya huko huletwa pamoja na mfuko mdogo wenye nozeli za pili, za gesi ya mtungi, na kitabu kinachoonyesha ipi ni ya kichomeo kipi. Hali kadhalika, jiko lina kidhibiti chake kidogo cha nguvu ya gesi chenye kofia, na kofia hiyo hugeuzwa wakati wa kubadilisha. Mambo haya mawili hufanywa pamoja. Moja bila ya jingine ni kazi isiyokwisha. Nozeli za zamani zisitobolewe wala kuzibwa kwa ujanja wa fundi, maana kitundu chenyewe hupimwa kwa sehemu ndogo za milimita. Na kile kichwa kifungwacho mtungini, ambacho watu hukiita regyuleta, kiwe cha nguvu ndogo, takriban milibari 30. Vile vya nguvu kubwa vitumiwavyo kwa majiko ya arusi visikaribie jiko hili.

Jambo la pili la Kanada ni nyuzi za skrubu. Mdomo wa jiko la huko hufuata nyuzi za Kimarekani, na mabomba yetu hufuata za Kiingereza. Katika kipimo cha nusu inchi, zote mbili zina nyuzi 14 kwa inchi moja, kwa hiyo moja huingia ndani ya nyingine na hukaza, na fundi husema imekubali. Lakini pembe ya nyuzi si moja: ya Kimarekani ni digrii 60, ya Kiingereza ni 55. Hapo gesi hupata mwanya mwembamba, na kuzungushia utepe mweupe mwingi ni kuficha tu. Kinunuliwe kiungio kilichotengenezwa kwa kuunganisha namna hizo mbili. Ni kitu kidogo, na kama hakipatikani Tanga ndugu wa Kanada aweza kukitia katika bahasha.

Jambo la tatu ni umeme. Feni na viwashio vya jiko hilo vimefanywa kwa volti 120, na umeme wetu ni volti 230. Ukichomeka hivi hivi utaunguza mota siku ya kwanza. Yahitajika transfoma, nayo ichaguliwe na fundi wa umeme baada ya kusoma kibao cha jiko, isiwekwe katika kabati la gesi, na waya wa ardhi usikatwe. Hata hapo, feni ya huko imezoea mizunguko 60 kwa sekunde na umeme wetu una 50; mota nyingi za namna hiyo zitakwenda polepole kwa kiasi cha sehemu moja katika sita, na hupata joto zaidi. Nguvu ya kuvuta itapungua. Bibi huyu asishangae akiona jiko lake si hodari kama alivyoliona kwa nduguye.

La nne latutia wasiwasi zaidi. Majiko mengi ya mezani yauzwayo Ulaya yana kijiti kidogo cha chuma kando ya kila kichomeo. Moto ukikipasha joto, kijiti hutoa umeme mdogo sana unaoshikilia mlango wa gesi ubaki wazi; moto ukizimika, kijiti hupoa na mlango hujifunga wenyewe baada ya muda mfupi. Majiko mengi ya Amerika ya Kaskazini hayana kijiti hicho. Badala yake baadhi yana kiwashio kinachotoa cheche zenyewe ili kuurudisha moto uliozimika, na kiwashio hicho chategemea umeme. Sasa fikiri jioni moja ya Ramadhani: maharage yamewekwa juu ya moto mdogo kabisa, upepo umeingia dirishani, umeme umekatika kama unavyokatika, moto umezimika. Hapana kijiti cha kuifunga gesi, hapana cheche ya kuurudisha moto, na feni imelala. Mpishi yuko sebuleni akisikiliza adhana. Umeme ukirudi, cheche na feni huamka zote pamoja juu ya gesi iliyokwisha kujaa chini.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote kitabu kisomwe, au ndugu aulizwe, kama jiko hili lina kinga ya moto kuzimika. Likiwa nayo, alhamdulillahi. Likiwa halina, shauri letu ni kwamba lisitumike kwa chakula cha kuachwa peke yake hata kwa dakika tano, na umeme ukikatika mtu afunge koki kwanza kisha ndipo atafute tochi. Na kama katika nyumba hiyo mpishi ni binti mdogo, au mzee asiyesikia harufu vizuri, basi lisifungwe kabisa. Twajua neno hili ni chungu kwa zawadi iliyovuka bahari.

Kazi ikiisha, fundi asiondoke kabla ya kupima. Kila kiungo kipakwe povu la sabuni, koki ya mtungi ikiwa wazi na vichomeo vimefungwa. Povu likivimba na kufanya mapovu mapya, hapo pavuja. Afanyaye hivyo kwa njiti ya kiberiti mtoeni nje na msimlipe. Kisha kiwashwe kichomeo kimoja kwa moto mdogo kabisa, na feni ifunguliwe mpaka mwendo wake wa mwisho. Moto ubaki wa buluu, umekaa juu ya kichomeo chake. Ukiinama kuelekea wavuni, ukirukaruka, au ukizimika, feni yauvuta kuliko kiasi au kichomeo hakikurekebishwa, na kazi haijakwisha. Vifanyiwe hivyo vyote vinne, kimoja kimoja, kisha vyote pamoja. Mwisho washa kijiti cha udi karibu na wavu, utazame moshi wake waenda wapi, na mtu mwingine asimame nje auone kifuniko cha bati kikifunguka.

Katika matumizi, feni iwashwe kabla ya kuweka kikaango na iachwe dakika kadhaa baada ya kuepua. Wavu na chujio lake huoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Wenye kukaanga kila siku wafanye hivyo kila juma. Na ieleweke kwamba jiko hili huvuta vizuri moshi wa vyombo vifupi, kama kikaango cha chapati au samaki. Sufuria ndefu ya pilau mdomo wake u mbali na wavu, na mvuke wake utapanda juu kama kawaida yake, feni ipende isipende. Pilau ya wageni ipikwe uani.

Waislamu wote walijua agizo la Mtume, rehema na amani zimshukie, la kutoacha moto ukiwaka nyumbani wakati wa kulala. Kwa gesi, moto huo ni koki ya mtungi. Ifungwe kila usiku huko nje, mkono wa mtu mmoja uliochaguliwa ndio ufanye kazi hiyo, ili kila mmoja asidhani mwenziwe amekwisha kuifunga. Twasisitiza kwa sababu ya daku. Mtu aamkaye saa kumi ya alfajiri, macho mazito, chumba kimefungwa tangu jioni, jambo lake la kwanza ni kubonyeza taa. Basi kwanza anuse. Gesi ya mtungi hutiwa dawa yenye harufu mbaya, kama ya kabeji iliyooza, ili itambulikane ingali kidogo. Akiisikia, asiwashe taa, wala asiizime iliyowaka. Asiiguse feni akidhani itaitoa gesi nje, kwani hiyo ndiyo itakayoiwasha. Afungue milango na madirisha, awatoe watoto, akafunge mtungi, na simu ya kuwaita Zimamoto, namba 114 kwa Tanzania, apige akiwa mbali na nyumba. Ikitokea gesi yawaka penye mpira au penye kichwa cha mtungi, dawa yake ni kufunga koki kama mkono waweza kuifikia salama. Asiupulize moto ukazimika na gesi ikaendelea kutoka. Viko vyombo vidogo vya kutoa mlio gesi inapovuja. Kwa gesi ya mtungi hufungwa chini, karibu na sakafu, na kwa ile ya Songo Songo hufungwa juu karibu na dari. Tumepata kuona kimefungwa juu katika nyumba ya mtungi, kikizuri kama pambo.

Kwa bibi wa Tanga, basi: jiko libaki katika sanduku lake kwa sasa. Amwandikie nduguye amletee kitabu, mfuko wa nozeli za gesi ya mtungi, na kile kiungio, na amjibu kuhusu kinga ya moto. Mumewe atumie muda huo kutoboa ukuta na kujenga kibanda cha mtungi uani, kazi ambazo zitafaa kwa jiko lolote litakalokuja. Kwa ajili ya Ramadhani hii, jiko la kawaida la vichomeo viwili lenye kinga hiyo, lililonunuliwa hapo mjini na kuwekwa karibu na dirisha, litamtosha. Na fundi yule, akija tena, aulizwe nyuzi za mdomo wa jiko ni za digrii ngapi; akijua, aendelee na kazi.